Salamu Kabla ya Koleo

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika kliniki ya meno mjini Kajiado kabla ya saa moja asubuhi, koti jeupe limepigwa pasi mpaka linakaribia kusimama lenyewe, nikakuta mlango umefungwa. Nilikaa kwenye ngazi nikisubiri. Upepo wa Kajiado ukaniletea vumbi, na Daktari Mkuu wa Meno alipofika saa mbili koti lilikuwa limeshabadilika rangi. Alikuwa mtu mrefu wa Ngong, aliyerudi kwao kila Ijumaa bila kukosa. Alinitazama juu hadi chini, akatoa funguo mfukoni.

"Wewe ndiye afisa mpya? Karibu. Hilo koti vumbi letu limeshalibariki."

Kazi yangu kwa jina lake kamili ni afisa wa afya ya kinywa katika jamii. Si daktari wa meno aliyesomea mpaka mwisho, ingawa kila mtu aliniita daktari na mimi sikuwa na haraka ya kumsahihisha mtu. Sisi hung'oa, huziba mashimo, hukwangua ugaga, yaani ule uchafu ulioganda shingoni mwa jino mpaka ukawa mgumu kama jiwe, na huenda mashuleni kufundisha watoto kupiga mswaki. Mambo yakizidi hapo tunawapelekea wakubwa wetu. Mimi ni Mkamba wa Machakos, na nilipopangiwa Kajiado mama yangu alidhani nimefukuzwa nchini.

Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa mzee wa Kimaasai, mwenye shuka nyekundu na fimbo ambayo alikataa kuiacha mlangoni. Nikamwangalia kinywa, nikachukua kadi, nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri wa chuoni: meno mawili ya chini, ya mbele, yamepotea. Daktari Mkuu akasoma juu ya bega langu.

"Yamepotea wapi? Umeyatafuta?"

Nikaitazama tena ile kadi.

"Si mwenyewe yuko hapa. Muulize."

Nikamuuliza. Mzee akacheka mpaka pengo lote likaonekana. Akasema yalitolewa akiwa mtoto, kama ya ndugu zake wote, ili siku mtu akishikwa na ule ugonjwa wa kufunga taya, maziwa yapate njia ya kupita. Daktari Mkuu akafuta maneno yangu kwa mstari mmoja. "Uliza kwanza, andika baadaye," akaniambia. "Karatasi haina haraka." Nilimwitikia ndiyo daktari, na kwa miaka kadhaa nililishika neno hilo vizuri. Baadaye nikaja kuliacha, na mtoto mmoja ndiye aliyeumia kwa ajili ya hilo.

Kutoka Kajiado nilihamishiwa Kimana, kwenye mashamba ya vitunguu na nyanya. Nilifanya kazi chini ya Muuguzi Msimamizi wa kituo, mama mcheshi aliyeweza kukutuma kazi tatu kabla hujamaliza chai. Kule ndiko nilikojua meno ya kahawia. Maji ya visima vya kuchimba sehemu nyingi za Kajiado yana madini ya floridi kupita kiasi, na mtoto akiyanywa wakati meno yake yanajijenga ndani ya fizi, yanatoka na madoa. Magadi tunayotia kwenye maharagwe ili yaive upesi nayo yanachangia. Jino la namna hiyo halipendezi, lakini mara nyingi ni zima, halina shimo wala maumivu. Akina mama waliniletea watoto ambao meno yao yamesuguliwa kwa mchanga mpaka fizi zinatoka damu, nami nikawa na kazi ya kuwatuliza: "Ni maji tu, mama. Mwache mtoto."

Nililisema neno hilo mara nyingi mpaka likawa linatoka lenyewe. Ningetazama mara moja tu, hata kabla mtoto hajafungua kinywa vizuri, nikasema ni maji. Muuguzi Msimamizi alinitania, "Wewe siku hizi unatibu watu wakiwa bado getini." Nilidhani ananisifu.

Kitengela nilipelekwa nikiwa mtu mzima kazini, mwenye sifa zangu na ukali wangu. Mji ulikuwa unakua kwa fujo, malori ya mawe barabarani, nyumba zikimea mahali ambapo juzi ng'ombe walikuwa wakila majani, na visima vya kuchimba kila ploti. Msimamizi wangu alikuwa mwanamume mkimya aliyependa orodha. Alikuwa na orodha ya wagonjwa, orodha ya vifaa na orodha ya orodha. Ndiye aliyenikabidhi kazi ambayo wenzangu waliikwepa: kwenda kila muhula kwenye kitengo maalum, madarasa mawili ya mabati nyuma ya shule moja ya msingi, kuwaangalia meno watoto wenye ulemavu wa akili. Hao ni watoto ambao kujifunza, kusema na kujitunza huwachukua muda mrefu kuliko wengine. Meno yao huharibika upesi kwa sababu ambazo si kosa lao. Mmoja hajui kusukutua, mwingine anakunywa dawa ya kifafa inayovimbisha fizi, mwingine hakubali mswaki upite midomoni hata kidogo.

Mwalimu wa kitengo hicho aliitwa Mwalimu Simaloi, mwanamke wa Kimaasai mwenye sauti ya chini, ambaye sijawahi kumsikia akimgombeza mtoto. Siku hiyo alikuwa amewapanga watoto mstari kwenye veranda. Mimi nilikuwa na glavu mikononi, kioo kidogo cha kinywa, na orodha ya Msimamizi iliyotaka watoto wote wamalizwe kabla ya chakula cha mchana.

Katikati ya mstari alikuwepo msichana wa miaka minane aitwaye Naserian, mfupi, mwenye uso wa mviringo na shanga za buluu na nyeupe shingoni. Hakungoja aitwe. Alinijia moja kwa moja, akasimama mbele yangu, akainamisha kichwa, akatulia hivyo.

Kila mtu aliyeishi Kajiado hata wiki mbili anajua maana yake. Mtoto wa Kimaasai akikuinamishia kichwa anakusalimia, nawe unaweka kiganja utosini, basi mmeamkiana. Mimi nilikuwa nikiwawekea watoto kiganja njiani kila siku ya Mungu. Lakini kwa Naserian sikuona salamu. Niliona ulemavu. Nilimshika kidevu kwa glavu, nikamwinua uso, nikaingiza kioo. Akafumba kinywa kwa nguvu na kujipiga shavu la kulia, mara mbili, kofi kavu. Nilichokiona katika kile kitambo kidogo ni meno ya kahawia.

"Daktari," Mwalimu Simaloi akasema, "siku hizi anajipiga sana hapo. Zamani hakuwa hivyo."

"Ni hali yake tu, mwalimu. Wengi wao hujipiga."

"Na meno?"

"Ni maji."

Nikaandika kwenye kadi: madoa ya maji, hana shida nyingine. Mama Naserian alikuwa amesimama pale mlangoni na jerikeni lake la maziwa, akasikia yote, akanishukuru. Nilimaliza orodha kabla ya saa sita na nikajiona hodari.

Zilipita kama wiki tano. Asubuhi moja ya Jumatatu nilifungua mlango wa kliniki nikamkuta Mama Naserian ameketi kwenye benchi na binti yake. Shavu la kulia la mtoto lilikuwa limevimba mpaka jicho limekuwa dogo. Mikono yake miwili ilikuwa imefungwa mbele kwa leso.

"Daktari, wewe ulisema ni hali yake," mama akaniambia, taratibu, kama mtu anayetoa ripoti. "Basi mimi nikafunga mikono, isijiumize. Shule wamesema ikae nyumbani kwanza, iliuma mtu. Lakini sasa hii mtoto haikuli. Hata maziwa inakunywa tu kidogo, na hii upande ingine."

Hakunilaumu. Angenigombeza ningepata pa kujitetea, lakini aliniamini tu, alikuwa ameniamini wiki tano zote hizo, na ile leso niliifunga mimi kwa mdomo wangu. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona kabla wala baada. Nikapiga magoti nikaifungua, na kitu cha kwanza ambacho Naserian alifanya mikono ilipokuwa huru ni kuupeleka mmoja shavuni.

Jipu la jino, yaani usaha unaojikusanya kwenye mzizi wa jino lililooza, si jambo la kuchezea. Nilimpa dawa ya kuua vijidudu na ya kutuliza maumivu, zote za maji, nikaenda kwa Msimamizi. Alisikiliza huku akipanga kalamu zake.

"Huyo hawezi kukaa kwenye kiti," akasema. "Mwandikie rufaa ya Nairobi. Watamlaza kwa dawa ya usingizi watoe magego yote mara moja. Hawa wa aina yake ndivyo wengi hufanyiwa, hawasumbuki tena."

"Magego yote? Jino bovu pengine ni moja."

"Umeliona?"

"Bado."

"Basi."

Nisieleweke vibaya. Dawa ya usingizi ni msaada mkubwa, na kuna watoto ambao bila hiyo huwezi kuwatibu. Lakini foleni yake ilikuwa ya miezi, na mwishoni mwa hiyo miezi mtoto wa miaka minane angerudi nyumbani akiwa hana cha kutafunia kwa miaka, na magego yake ya kudumu yaliyokwisha kuota yasingerudi kamwe, kwa sababu mimi nilikuwa na haraka ya chakula cha mchana. Nikamwambia hivyo, bila kupamba. Msimamizi aliacha kalamu.

"Nakupa hadi Ijumaa," akasema. "Shavu likishuka na yeye mwenyewe akikubali, sawa. Homa ikipanda saa yoyote, gari la wagonjwa. Na hakuna kumshika kwa nguvu. Nikiona watu wanne wamemlalia mtoto, tutakosana."

Mchana huo nilikwenda kwa Mwalimu Simaloi. Nilimkuta akikunja mikeka.

"Alikuja kukusalimia," akaniambia kabla sijauliza. "Naserian hajui kuhesabu hadi tano. Lakini salamu anaijua. Mama yake alimfundisha mwaka mzima. Hajawahi kunyimwa na mtu mzima mpaka siku ile."

"Niliona ameinama," nikasema.

"Uliona?"

"Niliona. Nikadhani ni ugonjwa."

Mwalimu Simaloi aliuokota mkeka uliobaki. Alinipa upande wa pili wa mkeka, tukaukunja pamoja.

Jumanne nilikwenda nyumbani kwao, nje kidogo ya mji, nyumba ya mabati na boma la ng'ombe wachache. Sikuvaa koti wala kubeba kioo. Naserian aliponiona alijificha nyuma ya mama yake na hakutoka mpaka nilipoondoka. Niliketi kwenye kigoda nikanywa chai ya maziwa, nikaangalia homa kwa kumuuliza mama, nikarudi kazini.

Jumatano nilikaa tena kwenye kile kigoda. Nikiwa katikati ya kikombe nikahisi mtu amesimama karibu. Alikuwa yeye, kichwa kimeinama, umbali wa mkono mmoja. Niliweka kikombe chini. Nikaweka kiganja utosini mwake, polepole.

"Takwenya," nikamwambia, kama Wamaasai wanavyowasalimu wanawake na wasichana.

Alizungusha shanga zake kwa kidole. Kisha akaitikia, sauti ndogo, "Iko," jibu la salamu hiyo kwa Kimaasai. Akaenda zake kwa ndama.

"Daktari," Mama Naserian akacheka, "umetoka Kitengela yote hiyo kuguza kichwa?"

"Ndiyo, mama."

"Na kesho?"

"Kesho pia."

Alhamisi shavu lilikuwa limeshuka karibu nusu. Naserian aliinama, nikaweka kiganja, tukaamkiana. Nilipotaka kuondoa mkono, akaushika. Aliushusha kutoka utosini, akaupitisha kwenye sikio, akauweka pale pale kwenye shavu la kulia alipokuwa akijipiga, akaubana kwa mikono yake miwili. Hakutazama kwingine, alinitazama mimi. Wiki zote zile alikuwa akituonyesha mahali, na hapakuwa na mtu wa kumpa mkono. Machozi yalinitoka na sikuyaficha.

Siku hiyo hiyo alikubali nimwangalie. Kuna njia tunayoiita magoti kwa magoti: mzazi na mtabibu hukaa wakitazamana, mtoto akalala katikati yao, kichwa mapajani mwa mtabibu. Nyinyi vijana mnaopenda kiti cha umeme, jueni kwamba mtoto anayeogopa kiti mara nyingi haogopi mapaja. Tulikaa kwenye mkeka, kichwa chake kikiwa mikononi mwangu kama kwenye salamu, nikamulika kwa tochi. Shimo lilikuwa kati ya magego mawili ya chini, limejificha chini ya rangi ya kahawia. Madoa ya maji yalikuwepo kweli, na jino bovu lilikuwepo vilevile. Ningekuwa nimetazama kwa dakika moja zaidi ningeliona siku ya kwanza.

Ijumaa nilitandika mkeka sakafuni mwa kliniki. Msimamizi alisimama mlangoni amekunja mikono. Tuliamkiana mimi na Naserian, akalala, nikampaka ganzi ya kupaka kwenye ufizi, kisha nikaingiza sindano ya ganzi, ile inayolifisha jino lisisikie kitu. Hapo akalia, akanisukuma, akainuka na kumkimbilia mama yake.

"Basi," Msimamizi akasema, si kwa ubaya. "Umejaribu. Andika rufaa."

Niliweka vyombo vyote kwenye sinia, nikavua glavu, nikakaa pale sakafuni na mikono wazi juu ya magoti. Mimi si mtu wa subira, mume wangu atawaambia, lakini siku hiyo niliketi. Nilisikia saa ya ukutani ikienda. Mama Naserian naye hakumsukuma wala kumbembeleza. Nilijua ganzi inafanya kazi, na nilijua pia kwamba asiporudi mwenyewe sina haki ya kumfuata.

Alirudi. Alisimama ukingoni mwa mkeka, uso umelowa machozi, akainamisha kichwa.

Niliweka kiganja. "Takwenya." Mdomo ulikuwa umekufa ganzi nusu, jibu likatoka limepinda, lakini lilitoka. Akalala chini mwenyewe. Nilivaa glavu mpya mahali anapoziona, nikachukua koleo, na lile gego likatoka kwa mzunguko mmoja, mzizi wake umeliwa na usaha. Lilikuwa gego la utotoni, ambalo lingefuatwa na jingine baadaye. Naserian alilitazama kwenye bakuli kwa makini kama mtu anayemtambua mwizi. Mashimo mengine mawili madogo niliyaziba wiki zilizofuata bila mashine, kwa kukwangua taratibu na kijiko cha mkono na kujaza saruji ya meno. Magego yake mengine yote yakabaki kinywani.

Jumatatu mama yake alikuja kliniki bila mtoto, kuniambia kwamba Naserian amekula nyama.

Ile kadi bado ilikuwa na maneno yangu ya zamani. Sikuyafuta. Niliandika chini yake: nilikosea, sikuuliza, na shavu lilikuwa linauma. Msimamizi aliposoma aliinua nyusi.

"Kadi si mahali pa kutubu."

"Situbu, bosi. Hiyo ni historia ya mgonjwa."

Alitikisa kichwa, akatia sahihi. Wiki iliyofuata kulikuwa na orodha mpya ukutani: watoto wa kitengo maalum Alhamisi asubuhi, bila foleni, na glavu zivaliwe baada ya salamu. Orodha zake nyingine sikuzipenda, lakini hiyo niliitunza.

Mimi na Mwalimu Simaloi tukafundisha kitengo chote kile ambacho Naserian alinifundisha mimi. Unamsalimu mtu mzima, kisha unauchukua mkono wake unaupeleka panapouma. Watoto wasiokuwa na neno hata moja walijua kufanya hivyo baada ya muhula mmoja. Tuligundua sikio lenye haragwe ndani, vidole vilivyobanwa na kiatu, na meno mengi kuliko nilivyotaka. Mmoja aliupeleka mkono wangu tumboni kila Alhamisi, nikashtuka sana mpaka Mwalimu akaniambia ni njaa tu. Naserian alirudi darasani, na kujipiga kukaisha.

Nilistaafu nikiwa bado pale Kitengela. Nilipewa kikombe chenye jina langu na hotuba tatu. Sasa niko na kuku wachache, mti wa ndimu unaokataa kuzaa, na meno yangu mwenyewe isipokuwa mawili. Maafisa vijana hunitembelea kuniuliza mambo ya kazi, nami huwapa chai kwanza ili wasiondoke upesi. Wana vifaa ambavyo sisi hatukuviota. Huwaambia kitu kimoja tu, kwamba siku watakapojisikia wanataka kusema "ni hali yake tu," wakae chini kwanza. Wengine huandika kwenye simu zao. Kwa jumla nimeridhika. Kazi ilinichukua nikiwa mjuaji, ikaniachia adabu kidogo, na si kila mtu hustaafu na faida.

Naserian ni mwanamke mzima sasa, amenipita unene, na asubuhi husaidia kupanga vikombe vya miswaki kule kwenye kitengo. Jumapili baada ya kanisa hupita kwangu na mama yake. Wakubwa hawainamishiani vichwa, lakini yeye hilo hajawahi kulikubali, nami sijawahi kumsahihisha. Jumapili iliyopita aliingia getini akanijia moja kwa moja, akainama. Niliweka kiganja changu cha uzee utosini mwake, tukaamkiana. Kisha nikangoja, kama ninavyongoja kila mara, auchukue mkono aupeleke panapouma.

Aliushika kwa mikono yake miwili. Hakuupeleka popote.